Ushahidi wa Dinari: Uhakiki wa Sarafu za Waliogombania Roma

Msomaji, huenda jina la Brutus si geni kwako. Umelikuta katika mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1963. Katika mchezo huo Brutus ni muungwana aliyemwua rafiki yake kwa mapenzi ya nchi, na wengi wetu hufunga kitabu tukimwonea huruma. Lakini Shakespeare alizaliwa zaidi ya miaka 1,600 baada ya Brutus kufa. Maneno aliyomtia kinywani ni mazuri, ila ni maneno ya Shakespeare. Yafaa basi tumwulize Brutus mwenyewe: ulipokwisha kuua, ulitaka watu wakufikirie nini? Jawabu lake lipo. Aliliandika juu ya kipande cha fedha kisichozidi sana upana wa ukucha wa kidole gumba, na baadhi ya vipande hivyo vimedumu hata leo katika majumba ya makumbusho.

Nia ya insha hii ni kuzihakiki sarafu za Brutus na za watu watano waliosimama karibu naye au mbele yake kwa vita, katika miaka kumi na mitatu iliyotoka kifo cha Caesar mwaka 44 K.K. hata vita vya Actium mwaka 31 K.K. Tutazihakiki kama tunavyohakiki shairi: zinasema nini, zinasema kwa ufundi gani, na zinanyamaza mahali gani. Wala usidhani kwamba sarafu haistahili heshima hiyo. Mshairi ana beti nyingi za kutolea fikira zake. Mpiga sarafu ana nyuso mbili ndogo, picha mbili na herufi chache. Hana nafasi ya kupoteza. Alichokiweka humo alikichagua, na mtu hujulikana kwa anachochagua.

Kiswahili chetu kinatusaidia kuingia katika habari hii. Kwetu sisi fedha ni madini yale meupe yanayofuliwa vikuku na mikufu, na fedha pia ni kitu chochote tunachonunulia. Neno moja limebeba mambo mawili: kitu chenye thamani yake chenyewe, na ahadi ambayo watu wamekubaliana kuiamini. Katika sarafu za Roma mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwa taabu. Madini yalisema neno moja, na chapa iliyopigwa juu yake mara nyingi ilisema neno jingine.

Kwanza tuitazame sarafu yenyewe. Dinari, ambayo wasomaji wa Injili wanaijua kwa jina, ilikuwa na uzito usiotimia gramu nne. Fundi alikiweka kidonge cha fedha kati ya chapa mbili ngumu zilizochorwa kinyume, akaipiga ile ya juu kwa nyundo. Pigo moja likatoa uso na mgongo wa sarafu kwa wakati mmoja. Kwa desturi ya kale kazi hiyo ilisimamiwa mjini Roma na vijana wa jamaa bora walioteuliwa kila mwaka, nao walichora miungu, au mababu zao waliosifika. Uso wa mtu aliye hai haukuwekwa. Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme wao zamani, na uso wa mtu hai juu ya fedha ulinuka ufalme. Kisha, mapema mwaka 44 K.K., dinari zikatoka Roma zenye kichwa cha Julius Caesar aliye hai, na baadhi yake zikitangaza kwamba yeye ni mtawala wa peke yake milele. Tarehe 15 Machi mwaka huo huo akauawa kwa majambia katika mkutano wa Baraza la Wazee.

Baada ya kifo hicho kila mwenye jeshi akawa na karakana yake ya sarafu, na sababu ni rahisi. Askari wa mguu alilipwa dinari 225 kwa mwaka tangu Caesar alipouzidisha mshahara maradufu. Ukiweka askari elfu tano katika legioni moja, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, legioni hiyo peke yake ilitaka zaidi ya dinari milioni moja kila mwaka, na wagombea wakubwa walikuwa na legioni kumi, ishirini, hata zaidi. Asiyeweza kulipa hakuwa na jeshi, na asiye na jeshi hakuwa na dai. Hivyo sarafu ilitimiza kazi mbili: ilimlipa askari mshahara wake, na ilimwambia anampigania nani.

Nathubutu kusema mapema neno ambalo kurasa hizi zitajaribu kulithibitisha. Aliyegombania Roma hakuandika juu ya fedha yake kile alichokuwa nacho kwa wingi. Aliandika kile alichopungukiwa. Mwenye haki isiyo na shaka hahitaji kuitangaza kila siku sokoni. Mwenye shaka huitangaza. Kwa hiyo tutakapoishika kila sarafu tutaiuliza maswali mawili: wewe wadai nini, na bwana wako amekosa nini?

Tuanze na Brutus. Dinari yake iliyosifika kuliko zote ilipigwa karibu na mwaka 42 K.K. katika karakana iliyofuatana na jeshi lake. Mgongoni pana vitu vitatu tu: kofia katikati, jambia kulia na jambia kushoto. Chini yake pana herufi sita, EID MAR, ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya siku ya katikati ya Machi, ndiyo siku aliyouawa Caesar. Kofia hiyo Mrumi yeyote aliitambua, kwani ndiyo iliyovaliwa na mtumwa aliyepewa uhuru wake. Maana yake basi ni wazi kama mchana: kwa majambia haya, siku ile, tuliwapa Warumi uhuru. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka mia mbili baadaye, aliona sarafu hii inastahili kutajwa katika kitabu chake.

Kwa ufundi, sijui sarafu ya zamani hizo inayoishinda. Hakuna pambo lisilo na kazi. Jicho la mtu asiyejua kusoma linaelewa, na jicho la msomi linapata tarehe. Waandishi wengi wangaliogopa kuutaja uuaji kwa jina lake, Brutus aliuchora. Aliweka silaha yenyewe mbele ya watu, na siku yenyewe, akasema hili nimelitenda. Huo ni ushujaa wa lugha, na mhakiki mwadilifu sharti aukiri.

Lakini igeuze sarafu, msomaji. Uso wa mbele una kichwa cha mtu mwembamba mwenye ndevu fupi, na maandishi yasemayo kwamba huyu ni Brutus, jemadari mshindi. Mtu huyo alikuwa hai! Aliyemwua Caesar kwa kuufanya ufalme, na mojawapo ya dalili za ufalme huo ikiwa uso juu ya fedha, ameuweka uso wake juu ya fedha kabla ya miaka mitatu kupita. Mgongo wa sarafu unasema mfalme amekufa. Uso wake wasema tazameni mimi. Na jambo linazidi kuwa zito tukikumbuka kwamba Brutus hakuwa mgeni wa kazi hii. Karibu mwaka 54 K.K., alipokuwa kijana msimamizi wa sarafu mjini Roma, alitoa dinari yenye kichwa cha Libertas, mungu wa kike wa uhuru, na mgongoni akamchora babu yake wa kale, Brutus wa kwanza, ambaye mapokeo yalimpa sifa ya kumfukuza mfalme wa mwisho. Kijana alimchora mungu na babu. Mtu mzima akajichora mwenyewe.

Ukitafuta alichokosa Brutus, utakiona hapo hapo. Alikosa idhini. Hakuchaguliwa na Warumi kuwakomboa, na walipokombolewa hawakumfuata; ilimlazimu aihame Italia akusanye jeshi mashariki. Gharama ya jeshi hilo ililipwa na wengine. Waandishi wa kale wanasimulia jinsi mji wa Xanthus katika nchi ya Lycia ulivyoteketea kwa moto mbele ya jeshi la Brutus, na jinsi mwenzake Cassius alivyowakamua watu wa Rhodes dhahabu na fedha yao. Kofia ya uhuru iligongwa juu ya madini yaliyotoka kwa watu ambao hawakuulizwa. Sisemi kwamba Brutus alikuwa mnafiki. Nasema kwamba sarafu yake inajua jambo ambalo yeye labda hakutaka kulijua.

Ili usiseme kwamba hakuwa na njia nyingine, mtazame Cassius. Alikuwa kambi moja na Brutus, na shida zake zilikuwa zile zile. Hata hivyo, katika sarafu zake zote hakuuweka uso wake. Aliweka kichwa cha Libertas, na mgongoni mtungi na bakora ya kuhani, vyombo vya ibada ya Kirumi. Ni sarafu isiyosisimua. Hakuna anayeikumbuka kama anavyokumbuka majambia. Lakini maneno yake hayapingani na uso wake. Hapa pana fundisho la uhakiki ambalo ningependa ulishike: kazi nzuri kuliko nyingine kwa ufundi yaweza kuwa yenye kasoro kubwa kuliko nyingine kwa ukweli, na ni wajibu wa mhakiki kutoa hukumu zote mbili bila kuchanganya moja na nyingine. Wote wawili walikufa Philippi mwaka 42 K.K.

Yupo mtu wa tatu wa upande huo, naye ni Quintus Labienus. Alikuwa ametumwa na wauaji wa Caesar kwenda kuomba msaada kwa mfalme wa Parthia, dola kubwa ya mashariki iliyokuwa adui wa Roma. Rafiki zake waliposhindwa Philippi alibaki huko, na mwaka 40 K.K. akaongoza wapanda farasi wa Parthia kuishambulia Shamu na Asia Ndogo, nchi za Roma. Dinari yake ina uso wake mbele, na nyuma farasi mwenye hatamu na podo la upinde, asiye na mpandaji. Jina alilojipa ni Parthicus. Sasa, kwa desturi ya Warumi, jemadari alipewa jina la taifa alilolishinda. Aliyeishinda Afrika aliitwa Africanus. Labienus hakuwashinda Waparthia. Walikuwa bwana zake na nguvu zake. Jina lililokuwa tuzo ya ushindi likawa alama ya utegemezi. Na yule farasi mtupu mgongoni, kwa macho yangu, anasema zaidi ya alivyokusudiwa kusema: nguvu ipo, lakini mpanda farasi wa Kirumi hayupo. Mwaka 39 K.K. Labienus akashindwa na kuuawa.

Sasa twende Sicily, kwa Sextus Pompeius. Baba yake, Pompeius Mkuu, alikuwa mshindani wa Caesar, akauawa Misri mwaka 48 K.K. Mwaka 43 K.K. Baraza la Wazee lilimpa Sextus amri ya majahazi ya vita na pwani zote. Muda si muda Antonius, Octavianus na Lepidus wakaishika Roma, wakatoa orodha ya watu wa kuuawa, na jina lake likatiwa ndani. Akaishika Sicily, akawapokea waliokimbia orodha ile pamoja na watumwa waliotoroka, akaizuia nafaka isifike Roma.

Dinari yake moja ni hadithi nzima. Mbele kuna kichwa cha baba yake, si chake. Sextus anajiita Pius, yaani mtu anayetimiza haki ya wazazi na ya miungu. Nyuma amesimama Neptunus, mungu wa bahari, na pande zake mbili wanakimbia vijana wawili, kila mmoja amembeba mzazi mabegani. Hao ni ndugu wawili wa mji wa Catana huko Sicily. Hadithi yasema mlima Etna ulipotapika moto watu walikimbia na mali zao. Wao wakaacha mali, mmoja akambeba baba, mwingine mama, na moto ukagawanyika ukawapisha.

Ili uuonje utamu wa sarafu hii yapasa ujue kwamba ilikuwa jawabu. Miaka michache nyuma, karibu na mwaka 47 K.K., Julius Caesar alitoa dinari yenye picha ya Aeneas, ambaye jamaa yake ilidai kutokana naye, akitoka katika moto wa Troy na baba yake mzee begani. Caesar alisema: mimi ni wa ukoo wa aliyembeba baba. Mwana wa Pompeius akamjibu kwa lugha ile ile: na hapa Sicily wako wawili, tena hawakumsahau mama. Washairi wetu wa pwani wanaojibizana kwa kufuata vina na mizani ya mshindani wangelifahamu pambano hili bila kufafanuliwa. Huwezi kulijibu shairi kwa kelele. Hulijibu kwa shairi lililo bora.

Naiona sarafu hii kuwa ndiyo yenye huruma kuliko zote. Lakini swali letu halina upendeleo. Sextus alikosa nini? Soma maandishi: mkuu wa majahazi na wa pwani za bahari, kwa amri ya Baraza la Wazee. Amri hiyo ilikwisha kufutwa na wenye nguvu wa Roma, na mwenyewe alikuwa ameandikiwa kifo. Aliushikilia mgongoni mwa dinari wadhifa alionyang'anywa mjini. Akamshika na baba ambaye hangeweza tena kumsaidia. Mwaka 36 K.K. majahazi yake yakavunjwa Naulochus, na mwaka uliofuata akauawa Asia.

Wakabaki wawili waliokuwa washirika, Marcus Antonius na Octavianus. Antonius alikuwa na mashariki yote, na katika sarafu zake mbili zinatosha kumweleza. Ya kwanza ina uso wake upande mmoja, na upande wa pili uso wa Cleopatra, malkia wa Misri, pamoja na maandishi yanayomtaja kuwa malkia wa wafalme na wa wanawe walio wafalme. Fikiria jinsi dinari hiyo ilivyosomwa na Mrumi aliyefunzwa tangu utoto kuchukia neno mfalme. Maneno yaliyokuwa sifa Alexandria yalikuwa mashtaka Roma. Antonius alisahau kanuni ya kwanza ya kila mwandishi, yaani kumjua msomaji. Sarafu haikai inapopigwa. Husafiri, na humwendea adui kama inavyomwendea rafiki.

Ya pili alizitoa kwa wingi sana mwaka 32 na 31 K.K., alipokuwa akijiandaa kwa vita vya mwisho. Mbele pana jahazi la makasia. Nyuma pana tai wa jeshi kati ya bendera mbili, na nambari ya legioni. Legioni ya 2 ilikuwa na dinari yake, ya 3 yake, na kuendelea hivyo hata ya 23. Hakuna uso wa Antonius, hakuna malkia, hakuna mungu. Mdai amejiondoa kwenye picha, akamweka askari. Mtu wa legioni ya 6 alipopokea mshahara alijiona yeye na ndugu zake juu ya fedha. Ni fikira ya jemadari anayejua mioyo ya watu wake.

Lakini alichokosa Antonius safari hii hakikuwa katika maandishi. Kilikuwa katika madini yenyewe. Alipungukiwa na fedha safi, akaichanganya na shaba kupita desturi. Pliny Mzee, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alimlaumu kwamba alitia chuma katika dinari. Wapimaji wa zama zetu wameona kwamba ni shaba, ila lawama ilikuwa ya haki. Ajabu ni matokeo yake. Dinari nzuri watu walizificha au waliziyeyusha kwa sababu ya fedha yake. Za Antonius hakuna aliyeona faida ya kuziyeyusha, basi zikaendelea kupita mkono hata mkono zaidi ya miaka mia mbili, zimesagika mpaka jahazi likawa kivuli. Watawala Marcus Aurelius na Lucius Verus, karibu miaka 200 baada ya Actium, walitoa upya dinari ya legioni ya 6 kwa mfano wake. Aliyeshindwa aliishi katika mifuko ya watu kwa vizazi, kwa sababu ya kasoro yake.

Tumefika kwa mshindi. Caesar alipokufa, Octavianus alikuwa kijana wa miaka 18, mjukuu wa dada yake Caesar, aliyefanywa mwana kwa wosia. Hakuwa na ushindi wake mwenyewe, wala umri, wala wadhifa. Alichokuwa nacho ni jina. Caesar alipotangazwa kuwa mungu mwaka 42 K.K., kijana akapata maneno mawili ambayo hakuyaachilia tena: Divi filius, mwana wa aliye mungu. Brutus aliweka tendo lake juu ya sarafu, Sextus wazazi, Antonius askari. Octavianus aliweka ukoo. Dinari yake ya mwaka 36 K.K. inaonyesha hekalu la baba yake huyo, lina nguzo na nyota na sanamu ndani. Hekalu hilo lilikuwa halijafunguliwa. Liliwekwa wakfu mwaka 29 K.K. Kijana alikopa utukufu kutoka kwa baba aliyekufa, akakopa na jengo kutoka miaka ijayo.

Ustadi wake mkubwa lakini ni wa kunyamaza. Mwaka 31 K.K. alimshinda Antonius katika vita vya Actium, na mwaka 30 K.K. Antonius na Cleopatra wakajiua Alexandria. Mwaka 28 K.K. ikatoka dinari yenye mamba, na maneno yasemayo kwamba Misri imetekwa. Ni picha safi, yenye kueleweka upesi, nayo inaficha jambo kuu kuliko yote. Vita vile vilikuwa vya Mrumi kwa Mrumi. Maelfu ya askari wa upande wa pili walikuwa wana wa Italia, na aliyewaongoza alikuwa amemwoa dada yake Octavianus. Wapi Antonius juu ya sarafu? Hayupo. Yupo mamba. Brutus aliyeshindwa alikuwa na ujasiri wa kuchora majambia yake. Octavianus aliyeshinda alimchora mnyama wa mto ili pasionekane ndugu. Alikosa nini basi, yeye aliyepata vyote? Alikosa ushindi unaoweza kutajwa kwa jina lake.

Hapo msomaji makini ataweza kunipinga. Atasema: askari wengi hawakujua kusoma, na aliyejua alitazama uzito wa fedha kabla ya picha, kwa nini tuzipe sarafu hizi fikira nyingi hivi? Pingamizi hili lina haki, na historia ya dinari za legioni inalitia nguvu, kwa maana watu walizipima kwa shaba yake. Walakini halidhuru hoja yangu. Sikudai kwamba sarafu ziliwageuza watu mioyo. Nimedai kwamba zinatuonyesha moyo wa aliyezitoa. Mtu anayejisifu chumbani peke yake hakushawishi mtu, lakini akisikika nyuma ya mlango tutakuwa tumejua anachokiogopa.

Na jambo moja lilibaki baada ya hao wote kufa. Swali la kama uso wa mtu aliye hai uwekwe juu ya fedha halikuulizwa tena. Octavianus, aliyeitwa Augustus tangu mwaka 27 K.K., aliweka uso wake mwaka baada ya mwaka hata alipokufa mwaka 14 baada ya Kristo, na waliomfuata wakaweka zao. Dinari aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa habari za kodi hudhaniwa kuwa ni ya Tiberio, mwana wa kupanga wa Augustus. Na maandishi ya sarafu hiyo yanamwita Tiberio mwana wa Augustus aliye mungu. Kauli ile ile iliyobuniwa na kijana asiye na wadhifa, kwa sababu alikuwa na shida nayo, ikawa kauli ya kawaida ya dola. Hivyo ndivyo madai yanavyozeeka: yakirudiwa vya kutosha hakuna anayekumbuka kwamba yalikuwa madai.

Sisi wa Kenya tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Sarafu za kwanza za Kenya huru, za mwaka 1966, zilikuwa na uso wa rais, na desturi hiyo ikaendelea. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ikaamuru kwamba noti na sarafu zetu zaweza kuwa na picha za kuionyesha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Mwezi Desemba mwaka 2018 sarafu mpya zikatoka: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Wengine walilichukua kuwa badiliko la mapambo tu. Aliyekwisha kuzisoma dinari za waliogombania Roma analiona kuwa ni jibu lililotolewa na wananchi kwa swali lile lile lililomfanya Brutus ajipinge mwenyewe juu ya kipande kimoja cha fedha.

Basi, msomaji, utakapoishika sarafu ya nchi yoyote, ya kale au ya sasa, au utakaposoma bango, au hotuba, au wimbo wa kumsifu mkubwa, usitosheke kuuliza kama umependeza. Hata majambia ya Brutus yalipendeza. Uliza unadai nini. Kisha ugeuze upande wa pili, ukatafute kilichokosekana.